Namna Endijeni Anavyotengenezwa

Kavira, binti wa dada yangu Masika, anaishi Ubelgiji ambako anatunza wazee. Wiki iliyopita alikuwa dukani akitafuta zawadi za kuja nazo nyumbani, akanitumia picha kwenye simu na maneno haya: "Mama mudogo, nikuletee hii? Ni ya histoire, utaipenda, weye mwenye kupendaka bitabu." Niliifungua nikiwa nimesimama jikoni, mwiko mkononi. Lilikuwa boksi la mchezo wa vipande, ule wa kuunganisha kipande kwa kipande mpaka picha itokee. Juu ya boksi palikuwa na picha ya zamani yenye rangi ya chai. Matangi ya saruji. Wanaume wamesimama ndani ya maji meusi mpaka kiunoni, wameshika miti mirefu, na mzungu mwenye kofia yuko juu ya ukuta akiwaangalia. Chini yake imeandikwa: Fabrication de l'indigo, époque coloniale.

Niliusoma mstari huo, nikaurudia, kisha nikakaa juu ya gunia la makaa. Bugali ukaungua. Mume wangu alikuja mbio kuuliza ni nani amekufa, nikamwambia hakuna aliyekufa, ni neno moja tu limenishitua. Akaniangalia kama mtu anayejiuliza ni daktari gani yuko wazi saa hizo. Sikumlaumu. Ningemweleza vipi kwamba boksi lile liliwahi kuwa nyumbani kwetu, kwamba nililisoma kwa mdomo wangu mwenyewe nikiwa mtoto, na kwamba mpaka siku hiyo, nikiwa na mvi zangu, nilikuwa najua picha ile inaonyesha kitu kingine kabisa? Sisemi nilidhani. Nilijua, kama ninavyojua jina langu.

Ninyi mliokua wakati mmoja nami mnakumbuka asubuhi za milima yetu, ukungu unaingia mpaka ndani ya sufuria, na moshi wa kuni mbichi unaowaliza watoto wote nyumba nzima. Baba na mama walikuwa Beni, kule chini kwenye joto, wakiuza mafuta na chumvi. Mimi na Masika tuliachwa kwa babu yetu mlimani, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Butembo. Tulimwita Sokulu, kama watoto wote wa Kinande wanavyomwita babu. Bibi alikuwa ameshakufa. Masika alikuwa msichana mkubwa, na ndiye aliyekuwa mama wa nyumba: alinipikia, alinisuka, na alinichapa nilipostahili na mara nyingine kabla sijastahili.

Masika alikuwa amechumbiwa na kijana wa Bungulu, kule Beni. Watu wa kijana walikuwa wa kanisa, na wa kanisa hasa, si wa Krismasi tu. Walisema harusi haiwezi kupita bila bibi arusi kubatizwa. Hapo hapakuwa na neno, Masika mwenyewe alitaka. Neno lilikuwa kwa Sokulu. Katika kanisa letu mkubwa wa nyumba ndiye anayemshika mkono mtu wake na kumleta kwenye maji, na mchungaji anauliza mbele ya wote ni nani anamleta. Sokulu hakutaka. Hakukataza ubatizo. Alisema tu Masika aende, yeye hatafika pale, na hakusema kwa nini.

"Bila mukono yako siendi," Masika alimjibu.

"Basi, hapana kwenda."

Hivyo ndivyo tulivyoishi miezi ile, vichwa viwili vigumu chini ya bati moja, na mimi katikati nikila maharage yangu. Watu wa Bungulu walituma ujumbe mara kwa mara. Mchungaji alikuja, akanywa chai, akaomba, akaondoka akisema huyu mzee ana pepo la ukaidi. Nilimwona Masika akilia nyuma ya jiko huku akisingizia vitunguu, na siku hiyo hatukuwa na kitunguu hata kimoja.

Na pale penyewe palikuwa wapi? Kijito chetu kilikuwa chembamba na baridi yake ilikuwa ya kukata vidole, kwa hiyo kanisa lilibatiza kwenye basini. Wote tuliliita hivyo. Lilikuwa tangi pana la saruji lililobaki kwenye kiwanda cha kahawa cha mzungu mmoja aliyeondoka zamani. Zamani walikuwa wakiosha kahawa humo. Wanaume waliingia ndani ya maji na kuikanyaga kahawa mpaka utelezi wake utoke. Paa lilikuwa limeanguka, majani yameota kwenye nyufa, lakini basini lenyewe lilikuwa zima. Kabla ya ubatizo mashemasi walilisafisha na kugeuza maji ya kijito yaingie.

Sasa boksi. Mama yetu mkubwa, dada wa mama, alikuwa anauza vitu vya mtumba Butembo, mizigo ile iliyofungwa kwa kamba za chuma ambayo unainunua bila kujua ndani mna nini. Siku moja alitoa boksi humo, akalitikisa, akasikia vitu vinacheza, akaamua ni biskuti. Alitubebea mpaka mlimani akiwa mwenye furaha. Tulipofungua tukakuta vipande vya karatasi ngumu vilivyokatwa vibaya vibaya, maelfu kwa macho yangu. Mama mkubwa alionja kimoja ili kuwa na hakika.

Masika, ambaye hakupenda kitu kitupwe, alisema tuviunganishe. Tulilaza mlango mbovu wa zizi la mbuzi juu ya vigoda viwili, tukavichambua vile vipande kwenye ungo kama tunavyochambua maharage. Tulianza na kofia ya mzungu kwa sababu ndiyo peke yake iliyokuwa nyeupe. Maji ndiyo yalitutesa, kila kipande cheusi kinafanana na mwenzake. Kila mvua ya alasiri ilitukuta tumeinama juu ya mlango ule. Sokulu alikaa upande wake akitengeneza mipini ya majembe na hakuangalia, au alijifanya haangalii.

Mimi nilikuwa nimeanza kusoma Kifaransa na nilikuwa sipitwi na kitu: sabuni, makopo ya maziwa, migongo ya malori. Nikalichukua lile boksi. Duka la Ulaya lilikuwa limebandika karatasi yake ya bei juu ya maandishi, na yaliyobaki wazi ni Fabrication de l'indi, basi, neno likakatika hapo. Fabrication nililijua, mwalimu wetu alikuwa ametufundisha fabrication ya sabuni, hatua kwa hatua, na michoro. Na neno la Kifaransa linaloanza kwa "indi", ambayo wenyewe huitamka "endi", nilijua moja tu, indigène, nililolisikia kila wiki nyumbani kwetu. Endijeni.

Ni Sokulu aliyekuwa nalo mdomoni. Enzi za wazungu, alituambia, sisi hatukuitwa watu, tuliitwa ba-endijeni. Endijeni hakutembea mjini giza likishaingia bila karatasi. Endijeni alinunua chumvi kupitia dirisha dogo la pembeni, hakuingia mlangoni. Alilima barabara ya mwingine na kulala chini apigwe kiboko cha mwingine. Na kila mara alimaliza hivi: "Hatukuzaliwaka ba-endijeni. Balitufanya."

Balitufanya. Na mbele yangu palikuwa na picha ya namna walivyofanya.

Nawaambieni, nilishituka mpaka mwili ukaniota vipele. Nikainama juu ya mlango wa mbuzi, nikaangalia picha kwa macho mapya, na kila kitu kikakaa mahali pake. Upande mmoja ulikuwa umepauka, watu wa upande ule wanaonekana weupe weupe, hawana sura vizuri. Upande wa pili walikuwa weusi ti. Kwa hiyo wanaingia huku wakiwa bado watu, nikajiambia, wanapita katika dawa, wanatokea kule wameshakuwa endijeni. Walikuwa wamefunga vitambaa kichwani, nikaelewa na hilo pia: nywele zisishike dawa. Ile miti mirefu ni ya kukorogea. Mzungu anaangalia kama imeiva. Na kama nilihitaji ushahidi mwingine, Sokulu alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwangu, suruali ameikunja. Miguu yake, kutoka nyayo mpaka juu ya magoti, ilikuwa na weusi mwingine, mzito, wenye mabaka, usiofanana na mwili wake mwingine. Leo najua ni miaka ya kukanyaga kahawa. Siku ile nilijua amechovywa.

Halafu nikamwangalia Masika, aliyekuwa akihangaika na kipande cha maji. Tangi la picha lilikuwa basini letu. Saruji ile ile, ukuta ule ule. Na wao wote, mchungaji, mashemasi, watu wa Bungulu, walikuwa wanamtaka dada yangu aingie humo.

Sikuweza kula jioni hiyo. Masika akanigusa paji la uso, akasema huyu ana malaria. Alipokwenda jikoni kunichemshia dawa zake chungu, nilimwendea Sokulu.

"Sokulu, usiache Masika aingie mu basini. Atatoka endijeni."

Aliweka kisu chini. "Nani alikuambia bile?"

"Iko imeandikwa."

Nilimletea boksi. Alilisogeza kwenye mwangaza wa moto, akalirudisha mbali, kama wafanyavyo wazee wasio na miwani. "Soma," akaniambia. Nikasoma: Fabrication de l'indi, nikanyamaza pale neno lilipokatika. Na Sokulu akalimalizia yeye mwenyewe, taratibu, bila kubahatisha: "gène."

Nilitegemea acheke. Nilitaka acheke. Badala yake alimwita Masika atoke jikoni, akamwambia akae. Kisha akasogea kwenye mlango wa mbuzi, mbele ya picha yetu ambayo ilikuwa karibu kwisha, akaweka kidole juu ya maji. Nikafikiri atatuonyesha wale waliomo. Kidole kikawapita, kikapanda ukutani. Kando ya mzungu palikuwa na mtu mwingine ambaye sikuwa nimemjali, mweusi kama wale wa majini, lakini mkavu, amevaa shati, ameshika fimbo.

"Bale ba mu maji ni batu banatumika," Sokulu alisema. "Banachoka, jioni banarudia kwabo. Endijeni njo huyu. Huyu njo balimaliza kumutengeneza."

Akaketi. Alisema akiangalia moto, si sisi.

"Nilikuwa na ndugu, Kambale. Hamujamusikiaka, juu mimi sikutajaka jina yake humu ndani. Alikuwa mudogo wangu, tumbo moja. Tulikuwa tunatumika wote pale ku kahawa. Siku moja alikuwa na homa, akafika nyuma ya kengele. Mwenye kuchelewa alikuwa anasimama mu basini, maji mpaka hapa ku kifua, mpaka mzungu aseme atoke. Maji ya asubuhi, munayajua. Mzungu akanipatia fimbo, akasema: huyu asipande. Basi nikasimama pembeni."

Masika alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono miwili.

"Alikuwa ananiita. Hakuniita chef, mukubwa wa kazi, aliniita jina yangu ya nyumbani. Akashika saruji apande, nikamusukuma na fimbo. Sikumupiga, eh. Polepole tu, nikamusukuma. Akashika tena. Nikamusukuma tena. Kisha hapo hakushika tena."

Kuni zililia motoni. Masika akauliza, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yake: "Na mzungu, alikuwa anasema nini?"

"Mzungu?" Sokulu alimgeukia kama aliyeulizwa jambo la ajabu. "Mzungu alikuwa ameshaenda kula. Tangu mbele. Hakuna mutu alikuwa ananiangalia."

Nilikuwa mtoto, lakini neno lile lilinipiga. Nilikuwa nimeogopa maji, nikaogopa dawa, na kumbe hapakuwa na dawa. Masika alitoka nje kwenye mvua na hakurudi kwa muda. Mimi nilibaki na Sokulu, na jambo la kutisha kuliko yote ni kwamba alikuwa Sokulu yule yule, na harufu yake ile ile ya tumbaku, akichonga mpini. Sikujua kama inaruhusiwa kuendelea kumpenda. Nikasogea nikaegemea mgongo wake kwa sababu baridi ilikuwa kali, na hakunifukuza.

Basi mnaelewa nilivyoshituka juu ya gunia langu la makaa. Indigo. Ni rangi ya kutia nguo buluu, wanaitoa kwenye majani wanayoyaloweka na kuyapiga majini, na maandishi madogo yanasema ni mahali fulani Asia. Vile vitambaa kichwani vilikuwa vilemba. Hawakuwa watu wetu. Nilimpigia Masika simu, Bungulu, pikipiki zinanguruma nyuma yake, nikamsomea neno lote. Nilitegemea apige kelele.

"Mais Sokulu alijuaka," akanijibu.

Alijuaka nini, nikamuuliza.

"Usiku ule kisha weye kulala. Alibandua ile karatasi na kucha, akasoma. Alisomaka kwa bamisionere, unasahau? Akaniambia ni rangi ya manguo. Nyuma akairudisha na bugali kidogo. Nikamuuliza, tumuambie mutoto? Akasema: leka, mutoto alisoma muzuri."

Tumekaa na Masika miaka yote hii, tumezika wazazi wetu, tumeolewa, tumekimbia vita pamoja, na hakuwahi kunitajia. Alidhani nilishajijulia mwenyewe. Nilipomuuliza nimjibu nini Kavira, alisema binti yake alete dawa ya mgongo, si makartoni. Lakini mimi bado nafikiria zile sebule za Ulaya, jioni ya sikukuu, familia imeinama juu ya meza, vikombe vya kahawa pembeni, mtu anaomba apewe kipande cha kiuno cha mtu. Hawana ubaya, Kavira anasema ni watu wema sana. Ndicho kinachonishitua zaidi.

Asubuhi iliyofuata baada ya kutuambia habari ya Kambale, Sokulu alivaa koti lake la Jumapili ingawa ilikuwa katikati ya wiki, akaenda kwa mchungaji na Masika nyuma yake, na mimi nyuma ya Masika. Hakuhadithia kitu. Alisema atamleta mjukuu wake kwenye maji, lakini si maji ya basini.

"Muzee, basini tuliiombea," mchungaji akasema. "Ile ilikuwa ya mzungu, sasa ni ya Bwana. Na kijito hakina kina. Nitamuzamisha namna gani?"

Sokulu alianza kugeuka kuelekea njia ya nyumbani. Nikaogopa, kwa sababu niliona kabisa kwamba akirudi nyumbani siku ile, harusi imekwisha. Masika ndiye aliyejibu.

"Nitalala chini, pasteri. Unimwangie maji kama ni lazima."

Mchungaji alikuna kichwa, akasema hajawahi kuona, akasema ataandikiwa na wakubwa wake, akasema baridi itamuua bibi arusi wa watu. Mwishoe akakubali, akinung'unika.

Jumapili wengine walibatizwa kwenye basini kama kawaida, kwa nyimbo. Sokulu hakupanda kule. Alisubiri chini kwenye kijito, amesimama kwenye majani, mpaka watu walipoteremka wamelowa na mchungaji mbele yao, midomo imeshakuwa ya kijivu. Watu wa Bungulu walikuwepo wote, mama wa kijana amevaa kitenge kipya na uso wa mtu anayeangalia desturi za milimani. Masika alikuwa na gauni jeupe. Meno yake yaligongana mpaka nikayasikia.

Mchungaji aliingia majini. Yalimfika magotini tu. Akageuka, akauliza kwa sauti yake ya kanisani: "Ni nani anamuleta huyu?"

"Ni miye," Sokulu akasema.

Mchungaji akanyoosha mkono ili ampokee Masika. Sokulu hakuuachia mkono wa Masika aliokuwa ameushika. Wimbo ukakatika. Mchungaji, ambaye alikuwa mtu mwema na alikuwa anasikia baridi, akamwambia kwa upole: "Inatosha, muzee. Mupatie. Weye bakia pale pembeni."

"Ku pembeni nilisha bakia, pasteri."

Na akaingia na viatu vyake.